Konzi Moja ya Mchicha

Siku hizi dozi ya mgonjwa inapangwa na jiko la nyumbani kwake. La kwetu linajua kwamba mume wangu, Baba Salha, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, basi kila siku linataka apikiwe konzi moja ya mchicha, isizidi wala isipungue. Dozi imepimwa kwa konzi hiyo. Bila mchicha, dawa inamzidi nguvu. Nisipoupika kwanza, jiko haliwaki kwa kingine ila chai ya asubuhi. Hata Idi, wageni wamejaa sebuleni, pilau ilisubiri mchicha.

Lakini jiko halimlishi mtu. Hiyo kazi limeniachia mimi.

"Mimi si mbuzi, Mama Salha," ananiambia, anasukuma sahani.

Nimembembeleza, nimenuna, nimechoka. Wiki ya tatu sasa mchicha wake naumaliza mimi, nimesimama hapohapo jikoni.

Leo asubuhi nimekuta mswaki wake una damu. Nikausuuza, nikaenda kuinjika chai.

"Mgonjwa alimaliza mchicha wa jana?" jiko likauliza, kama kawaida yake.

"Alimaliza," nikajibu, kama kawaida yangu.

"Vizuri. Dozi ni ileile."

Likawaka.