Ndiyo kwa Yote

Picha za vitanda vipya zilifutika kwenye tovuti, na aliyezifuta ni Randa mwenyewe.

Jumatatu aliziweka kwa simu. Ijumaa, kama kila Ijumaa, akapandisha folda nzima kutoka kwenye kompyuta ya karakana, na mambo ya zamani yakakalia mapya. Mteja mkubwa alifungua tovuti, hakuona kitanda, akaenda kwa seremala mwingine.

Randa akabeba kompyuta kwapani mpaka kwa fundi wa tovuti, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mashine huwa inakuuliza, mzee wangu," fundi alisema. "Faili la kule ni jipya kuliko lako, libadilishwe? Wewe unajibuje?"

"Nabonyeza 'Ndiyo kwa yote'."

"Bila kusoma?"

"Dada, mimi nasoma futikamba."

Fundi akacheka. "Kwanza shusha yaliyoko kule, linganisha na yako, ndipo upandishe. Tovuti alikutengenezea nani?"

"Binti yangu. Aliniachia nywila, akaenda zake."

Miaka miwili nyuma yeye na binti yake walirushiana maneno kuhusu mwanamume aliyetaka kumuoa, Randa akamwambia asimpigie simu mpaka aitwe. Hasira ilipoisha akampigia mwenyewe. Namba haikupatikana. Tangu hapo alikula mchana peke yake juu ya benchi la kurandia, simu kando ya sahani. Kuishughulikia tovuti kila Ijumaa kulikuwa kama kufagia chumba cha mtu aliyesafiri.

"Una bahati," fundi alisema. "Huku tunaweka nakala ya kila kinachofutwa."

Vitanda vikarudi. Randa akashusha pumzi, akaanza kukunja waya.

"Ngoja kwanza. Huu ukurasa wa 'Kuhusu Sisi' umeufuta mara nyingi mno. Nani mwingine ana nywila?"

"Hakuna mteja anayeufungua huo. Hata mimi siufungui."

"Sijauliza nani anaufungua. Nani anauandika?"

Randa akaacha waya.

Fundi akasoma mistari miwili, akamgeuzia kioo, akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa chini kabisa ya ukurasa: "Baba, ulinikataza kupiga, basi nakuandikia hapa kwenye tovuti yetu. Namba yangu mpya ni hii. Nikipigiwa nitajua umenisamehe."

Wa saba ulikuwa na picha ya mtoto mchanga. Wa kumi na moja ulisema mtoto ametoka na masikio ya babu yake, pole yake.

Wa mwisho ulikuwa na miezi mitano: "Baba, kila ninachoandika unakifuta Ijumaa. Nimekuelewa. Ile namba nimeiacha, sitakusumbua tena."

Jumbe zilikuwa kumi na tisa. Kumi na nane zilikuwa na namba ya simu.