Ujumbe kwa Mwalimu Tausi

Mwalimu Tausi alikuwa peke yake ofisini akisahihisha madaftari, mwanamume mwenye kitambulisho shingoni alipobisha hodi.

"Habari za kazi, Mwalimu. Natoka kitengo cha kulinda watoto mtandaoni. Sheria mpya inatutaka tusome kila ujumbe kati ya mtu mzima na mtoto. Naomba simu yako."

Tausi alisoma jina kwenye kitambulisho: Hamdu Kisanga. Jana yake Nuru wa darasa la saba alikuwa amemwandikia: "Mwalimu, naogopa kubaki nyumbani na baba wa kambo, Kisanga, mama akiwa kazini. Usimwambie mtu."

"Na nani atausoma?" aliuliza.

"Mimi. Nani mwingine?"

Tausi akaichukua simu yake, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji iliyokuwa kando ya meza na kuikandamiza mpaka kioo kikazimika.

"Haya, nipeleke mahakamani."

Kisanga hakukasirika. Alitoa leso, akafuta matone yaliyorukia madaftari.

"Umeiharibu bure, Mwalimu. Kampuni ya simu hutuletea nakala kila asubuhi. Nilitaka tu kujua kama umeshamweleza mtu."

Akatoka. Tausi alimsikia akiuliza darasa la saba liko wapi, naye akakimbilia nje. Kisanga alikuwa akivuka taratibu uwanja uliojaa wanafunzi, mkono juu, akimpungia Nuru aliyesimama mlangoni mwa darasa.

Tausi akaliita jina la mtoto kwa sauti yake yote. Uwanja mzima ukageuka kumtazama, isipokuwa Nuru, aliyekuwa amemkazia macho Kisanga.