Tundu la Bafuni

Mwaka huo Bi Mize alipaka chokaa bafuni mara tatu, na mara tatu ukungu mweusi ukarudi darini kama mgeni asiyejua kuaga. Kifua nacho kikaanza kupiga filimbi. Daktari hakumficha: bafu lisipopata hewa, dawa ni kazi bure.

Dirisha lilikuwepo. Alilizibisha mwenyewe kwa matofali, siku mumewe alipomhamishia mke wa pili nyumba ya ubavuni. Mume alishakufa, matofali yalibaki.

Asubuhi hiyo akashika nyundo. Tofali la kwanza likaangukia upande wa pili, sufuria ikalia.

"Mize!" Ilikuwa sauti ya Kidawa, mke mwenza. "Miaka kumi na tisa hunisalimu, leo unanipiga mawe?"

"Natafuta hewa, mwenzangu."

"Hewa yangu?"

"Ndiyo iliyo karibu."

Kidawa akacheka mpaka akapaliwa. "Haya, rudi nyuma, usije ukapasuka uso bure. Hilo la pili nitalivuta mimi."

Mize akarudi nyuma, nyundo kifuani. Tofali likatikisika, likaachia. Ikaingia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, kisha mkono wenye hina ukapenya mpaka kiwikoni, ukipapasa kuutafuta mkono wa Mize.