Karatasi Niliyoisoma Fittja

Naapa mbele za Mungu, haya ni kweli tupu, hata mke wangu akibisha.

Miaka thelathini nimepiga ngoma katika bendi kubwa ya jazi, na hakuna aliyejua kwamba sisomi noti za muziki. Nilikuwa nautazama mguu wa mpiga besi tu, unavyohesabu mapigo. Wenzangu wakigeuza karatasi, na mimi nageuza.

Jumanne, mazoezini Fittja, mtaa wetu huku ughaibuni, kiongozi wetu mpya Colombe alimhamishia mpiga besi nyuma ya piano. Mguu nikaupoteza. Kisha akaniwekea karatasi ya wimbo mpya, akataka kwanza asikie ngoma peke yake. Alishatuonya kwamba asiyesoma noti hapigi tena.

Viganja vililowa jasho mpaka fimbo za ngoma zikaanza kuteleza. Nina miaka sabini na mbili. Nikitolewa kwenye kiti kile, nabaki na televisheni.

"Papa, uko tayari?"

"Tayari kabisa, binti yangu. Huu nimeupiga sana kule Bukavu."

"Huu? Nimeutunga juzi."

Nyuma yangu mtu wa tarumbeta akacheka. Nikainama kwenye karatasi, nikakunja uso kama msomi.

"Hapa katikati pana ngoma ngumu," nikasema.

"Papa, hiyo ni karatasi ya trombone. Nimekosea kukupa."

 Nikamrudishia karatasi yake.

"Colombe, sijui kusoma hata noti moja."

Hakucheka. Alinyoosha kiganja tu, akangoja, nami nikamwekea fimbo zote mbili.