Karatasi ya Sita

"Inatoka! Kavugho, inatoka!" Baba Padri alipiga kelele nyuma ya ukuta wa mbao.

Kavugho, mwandishi wa parokia, akapiga vigelegele na kukimbilia kule. Tangu asubuhi kompyuta yake ya Linux ilikataa kuelewana na ile ya Padri, ya Windows, iliyounganishwa na imprimante, mashine pekee ya kuchapa ya parokia. Alituma karatasi za kujaribu, hakuna kilichotoka. Sasa alikuwa amesahihisha neno moja tu kwenye mipangilio ya kompyuta yake.

Padri aliinua karatasi ya kwanza, ingali moto, kama Injili.

"Tumsifu Yesu Kristu," akasoma.

"Milele na milele, amina!"

Imprimante haikunyamaza. Ikatoa ya pili, ikatoa ya tatu. Kumbe zote alizotuma zilikuwa zimepanga mustari, zikingoja njia ifunguke!

Kavugho akakumbuka ya sita. Aliiandika saa sita, kwa njaa na hasira: habari ya mbuzi kumi na mbili za Padri, na ubahili wa kukataa kuuza hata moja ili wapate imprimante ya pili.

"Baba Padri, inatosha! Hapana musome ingine!"

"Mais acha, mutoto wangu, tuone zote," Padri akacheka, akivaa miwani.

Ya tano ilikuwa tayari mkononi mwake.