Kifuniko cha Mama

"Fundi, tulia basi!"

Ilikuwa mara ya tatu kumshona paji lilelile la uso. Kila nikimshona humhubiria aache pombe, maana ni hapo tu hawezi kunikimbia.

"Nimepunguza, sista," alisema, akitetemeka mpaka kitanda kikalia.

"Umepunguza, halafu unaanguka kwenye ngazi? Mimi mtoto?"

Mama yake akatoa chupa ya maji kwenye mkoba, akaanza kumimina kwenye kifuniko. Harufu ikanipiga. Pombe kali, mbele ya macho yangu! Nikamnyang'anya.

"Mama, hivi unanitania?"

"Si wewe uliyeniambia nisimwachishe pombe ghafla, nimpunguzie kidogo kidogo? Nampimia kwa kifuniko, asubuhi na jioni. Leo nimechelewa, akapanda ngazi huku anatetemeka hivyohivyo."

Nikainama kumnusa Fundi mdomoni. Dawa ya meno tu.

Uzi ulikuwa bado unaning'inia usoni pake, na sindano ilikosa pa kuingia kwa alivyotikisika. Nikatazama mlangoni. Daktari hayupo.

Nikamrudishia mama chupa.

"Haya, kimoja," nikasema. "Na ukichelewa tena, utanitambua."