Utajijua Mwenyewe

Fundi aliitambua sauti kabla hajauona uso. Alikuwa akipanga mzigo mpya nyuma ya kaunta. Akauteremsha mapajani, akainua macho polepole.

"Nataka koti la pikipiki, lakini jepesi," mteja alikuwa akimweleza dada yake Fundi pale mlangoni. "Mwenzangu kaning'ang'aniza ninunue zito. Nimemwambia, kama unapenda kuchemka juani, utajijua mwenyewe."

Utajijua mwenyewe. Maneno yaleyale, na kuyakokota kulekule. Miaka sita iliyopita mtu huyu alimgonga Fundi kwa nyuma, akasimama, akamtazama alivyolala kifudifudi mtaroni na helmeti yake kichwani, akayatamka, akaenda zake. Hata kumwitia mtu hakumwitia. Tangu hapo hakuna siku iliyopita Fundi asimwombee mabaya.

Dada akauona uso wa kaka yake umebadilika. Akasogea kaunta akijifanya anatafuta tepu ya kupimia.

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Kaka, nakuomba. Usije ukatutia matatani."

"Hebu mletee lile jeusi la ngozi," Fundi akasema kwa sauti ya biashara. "Karibu, bwana mkubwa. Hilo jepesi ni la kupigia picha. Ukianguka nalo, lami itakufikia mbavuni."

Mteja akacheka, akalivaa lile jeusi. Fundi hakuinuka. Alimwita kwa kidole mpaka tumbo lake likagusa kaunta.

"Inama kama umeshika usukani. Nyoosha mikono."

Mikono ya koti haikupanda. Ilibaki palepale kwenye vifundo. Fundi akampapasa mabega na viwiko, kisha akashuka na uti wa mgongo, pingili kwa pingili. Shingo ya mtu huyu ilikuwa mbele yake, wazi, na mkasi ulikuwa hapohapo mezani. Akausukuma kando.

"Limekukaa. Ila pedi zake za ndani sizipendi. Vua nikubadilishie, zawadi ya duka."

"Duka lenu lina roho nzuri!"

Fundi akaliingiza koti chini ya kaunta, akachukua wembe, akafumua bitana. Dada akageukia ukutani, hakutaka kuona. Mteja aliwapigia soga za jinsi anavyoyapita magari kwenye kona, na namna wenye magari wanavyomtukana. Fundi alimwitikia "enhe" na "kweli kabisa" huku akirudishia bitana kwa mishono midogo midogo ya kubana.

Mteja alilivaa tena, akajipiga kifua kwa ngumi. "Sasa hiki ni chuma! Na suruali yake je? Nasikia zinakwenda pamoja."

Dada akafumbua mdomo.

"Zimeisha," Fundi akamuwahi.

"Basi, miguu itajijua yenyewe."

Fundi akaangua kicheko. Alicheka mpaka akafuta machozi, na mteja naye akacheka kwa kuona amesema jambo la maana sana. Wakaagana kwa kupeana mikono.

Mngurumo wa pikipiki ulipopotea, dada alifunga mlango akauegemea.

"Umemtolea pedi," akasema. "Siku akianguka atakufa, na muuaji utakuwa wewe."

"Nimtolee? Nimemwekea zile za koti langu la siku ile. Umesahau kazi yake? Daktari alinikagua kifua na mgongo asione hata mchubuko. Yule hafi ng'o."

Kisha akashika magurudumu ya kiti chake, akarudi nyuma kidogo, akamkabidhi dada yake zile suruali mpya alizokuwa amezilaza juu ya mapaja yake mawili mafupi yasiyofika magotini.